Deti ya Mjini: Si Lazima Mwende Diani

Wacha niseme kitu, na najua wengine wenu mtanuna. Hii imani kwamba mapenzi bila mchanga mweupe wa Pwani si mapenzi imetufilisi. Mwezi wa nne nilihesabu kwenye simu yangu watu 11 ninaowajua waliopiga picha ile ile: miguu kwa mchanga, dafu lina mrija, na maneno ya chini yanasema "tulistahili hii." Kati ya hao 11, watatu walinipigia kuomba nauli kabla mwezi haujaisha.

Sina ubaya na Diani. Siku nikipata chapaa nitaenda, na nitawawekea picha mpaka mchoke. Ninachopinga ni vile tumekubaliana, bila mtu kutuuliza, kwamba kumpenda mtu ni kumtoa mji ulioko. Kama huna 40,000 za kumtoa, basi nyinyi kaeni kejani mtazame sinema kwa simu, mmoja akiwa ameegemea ukuta na mwingine ameegemea mtungi wa maji.

Mimi na mpenzi wangu tuna miaka miwili pamoja. Hapa nitamwita Jirani, kwa sababu tulikutana tukipigania kamba ya kuanika nguo kwenye ploti moja hapa Githurai. Katika hiyo miaka miwili tulikuwa tumelala nje ya Githurai pamoja mara moja tu, na hiyo ilikuwa matanga Nyeri, yeye kwa hema ya wanaume, mimi na mashangazi. Mwezi wa tatu kandarasi yake ya kutunza stoo huko Industrial Area iliisha na haikuongezwa. Mimi nauza nguo mtandaoni na hizi video zangu zinaniletea kitu kidogo. Si nyingi, lakini inaingia.

Mtu mmoja wa kupanga safari alinitumia bei ya Pwani: 46,000, watu wawili, siku tatu, na chakula cha mchana mnajitafutia. Nilimwonyesha Jirani. Alisoma, akanirudishia simu, akasema, "Ni poa, tutaona." Kama unamjua mwanaume aliyesota, unajua "tutaona" maana yake ni nini.

Nikamwambia tuweke pamoja 10,000, mimi 7,000 na yeye 3,000, tukalale usiku mmoja hapa hapa Nairobi. Jumamosi mpaka Jumapili, tuishi kama wageni kwa mji tunaoupita kila siku tukiwa mbioni. Mama yangu aliposikia nimelipia chumba Parklands na ninaishi Githurai, aliniuliza kama nyumba imeungua.

Archives si mahali pa kungojana tu

Kama umewahi kuishi Nairobi hata wiki moja, umewahi kuambiwa, "Nitakupata hapo Archives." Tunangojana hapo, tunachelewana hapo, tunaachana hapo. Wengine wenu mmetapeliwa hapo. Lakini ni wangapi wamewahi kufungua mlango wakaingia ndani?

Jumamosi asubuhi tuliingia. Mlangoni mnakaguliwa mifuko, mnalipa kiingilio kidogo, na ghafla kelele zote za Moi Avenue zinabaki nje. Jengo lenyewe zamani lilikuwa benki, ndio maana lina zile nguzo na dari ya kukufanya uongee polepole hata kama hakuna aliyekukataza. Ghorofa ya chini ni jumba la sanaa linaloitwa kwa jina la Joseph Murumbi, na hapo ndipo nilipogundua nimekuwa nikingojea watu nje ya hazina.

Kuna vinyago, nguo za kusuka, vyombo, silaha, mapambo na picha kutoka pande nyingi za Afrika. Si vitu vya kupangwa kwa ajili ya mtalii apige picha aondoke. Ni vitu ambavyo mtu alivitafuta kimoja kimoja maishani mwake. Jirani, ambaye alikuwa ameniambia njiani kwamba "sanaa ni ya watu wa Karen," alisimama mbele ya milango ya mbao iliyochongwa akaanza kuniambia vile mbao inakaushwa ndiyo isipasuke. Babu yake alikuwa seremala. Miaka miwili na sikuwa nalijua hilo.

Sasa, Murumbi ni nani? Shuleni tulimpita haraka sana. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai, akazaliwa mwaka wa 1911 na akasomea India. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha mwaka wa 1966 akawa makamu wa pili wa rais wa Kenya baada ya Jaramogi Oginga Odinga. Hakumaliza hata mwaka kwa kile kiti. Alijiuzulu 1966 hiyo hiyo. Wenzake wengi wa kizazi kile walikusanya mashamba. Yeye na mkewe Sheila walikusanya vitabu, stempu, vinyago na picha. Vitabu vyake viko hapo Archives, maelfu. Mwaka wa 1972 alifungua African Heritage hapa Nairobi pamoja na Mmarekani Alan Donovan, nyumba ya kuonyesha na kuuza sanaa ya Afrika.

Tulipotoka tulisimama kidogo kwenye sanamu ya Tom Mboya, ambayo iko hapo karibu. Aliuawa mwezi wa saba mwaka wa 1969 kwenye mtaa huu huu, enzi hizo ukiitwa Government Road. Alikuwa na miaka 38. Kuna jamaa alikuwa ameegemea uzio hapo akila smocha. Hii ndiyo Nairobi, na sisemi kwa ubaya. Tunakula smocha juu ya historia kwa sababu hakuna aliyetuambia ni historia.

Pale watu walipoandikishwa kuzaliwa, kuoana na kufa

Kutoka hapo tulitembea Kenyatta Avenue yote mpaka mwisho, karibu na Uhuru Highway. Kuna jengo dogo la mawe ambalo watu wengi wanadhani ni ofisi ya serikali isiyo na kazi. Hiyo ni Nairobi Gallery. Ilijengwa mwaka wa 1913, ikawa ofisi ya mkuu wa mkoa. Watu walikuja hapo kuandikisha mtoto aliyezaliwa, kuandikisha ndoa na kuandikisha kifo, mpaka Wazungu wa enzi hizo wakaipa jina la utani kwa sababu ya hiyo safari nzima ya binadamu kufanyika kwa mlango mmoja. Nje yake ndipo palipokuwa alama ya kuanza kupimia umbali wa barabara kutoka Nairobi. Ukisikia mahali ni kilomita fulani kutoka Nairobi, swali la "kutoka wapi hasa" lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa hapo.

Jirani yake ukutani ni Nyayo House, lile ghorofa la foleni za pasipoti, ambalo vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesa wakosoaji wa serikali miaka ya themanini. Majengo mawili, hatua chache. Moja la kuandika majina ya watu, lingine la kujaribu kuyafuta.

Ndani ya jumba kuna sehemu nyingine ya hazina ya kina Murumbi: mapambo, vitambaa, samani, kazi za wasanii wa Afrika. Vyumba si vikubwa, na hiyo ndiyo raha yake. Hamchoki. Unaweza kukaa mbele ya kitu kimoja dakika kumi na hakuna wa kukusukuma.

Jirani aliuliza mwelekezaji, "Kwa hivyo watu walikuwa wanakuja hapa kufunga ndoa?"

Akaambiwa ndio.

Akafikiri kidogo. "Na walikuwa wanalipa pesa ngapi?"

Wote tulicheka. Lakini mimi nilimsikia. Miezi miwili hiyo kila kitu kwake kilikuwa kinarudi kwa pesa. Ukimwonyesha machweo angekuuliza bili ya stima.

Viti vya National Theatre

Jioni tulikuwa na tiketi mbili za mchezo wa kuchekesha Kenya National Theatre, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu najua wengi wenu mliingia mle mara ya mwisho mkiwa na sare za shule.

Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka wa 1952, ukoloni ukiwa bado umekaza. Uko Harry Thuku Road, ukitazamana na Hoteli ya Norfolk. Harry Thuku ndiye yule aliyekamatwa mwaka wa 1922 kwa kutetea wafanyakazi, na umati ulipokusanyika kudai aachiliwe, watu walipigwa risasi hapo hapo karibu, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru aliyekuwa amewatia wanaume moyo wasonge mbele. Kwa hivyo ukishuka kwa teksi yako hapo umevaa viatu vya kukuumiza, ujue unakanyaga wapi.

Mwaka wa 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walileta kwenye jukwaa hilo mchezo wao kuhusu Dedan Kimathi, ule ambao kwa Kiswahili ulitoka kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kenya ilikuwa huru miaka 13, na bado ilibidi kupigania siku chache za jukwaa kwa sababu ukumbi wa taifa ulikuwa umezoea michezo ya wageni. Kimathi mwenyewe alinyongwa Kamiti mwaka wa 1957. Sisi wa Githurai, Kamiti ni jirani. Tunalipita tukienda kununua mboga.

Nawaambia haya kwa sababu mara nyingi nasikia, "Tamthilia si yetu." Ni yetu sana. Kuna watu walisukumana ndiyo iwe yetu. Tatizo ni kwamba tumeiacha wakati mlango uko wazi. Ukumbi ulikarabatiwa ukafunguliwa tena mwaka wa 2015, viti ni vizuri, na mwigizaji anatokwa na jasho mita chache kutoka ulipo. Hakuna kubonyeza mbele. Akisahau neno, unaona macho yake yakilitafuta, na nyinyi wote mnashika pumzi mpaka alipate.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa familia. Jamaa fulani anangojea wakwe waje kumwona kwa mara ya kwanza. Hana kitu. Basi anaazima sofa kwa jirani, televisheni kwa rafiki, na zulia kwa mama wa kanisa. Wakwe wanafika, na mmoja baada ya mwingine, wenye vitu wanaanza kuja kuvidai kwa sababu moja au nyingine. Anapojaribu kueleza kwa nini sofa inatolewa huku baba mkwe bado ameikalia, ukumbi mzima ulikufa. Mama mmoja nyuma yetu alikuwa anapiga kiti kwa mkono akisema, "Wuui! Wuui!"

Jirani alicheka mpaka machozi. Alicheka kuliko nilivyowahi kumwona akicheka mwaka huu. Halafu taa zikawashwa za mapumziko, watu wakainuka kwenda kununua soda, na yeye akabaki ameketi akitazama pazia.

Akasema, "Ile sofa ni mimi."

Nilidhani anataka kuendeleza mzaha. Nikamwambia basi wewe ni sofa ya kustarehesha.

"Hapana. Sikiza." Akaniambia polepole, bila kunitazama. Tangu kandarasi iishe alikuwa anakopa kwa simu. Wale kuku wa Ijumaa, ni mkopo. Zile maua za siku yangu ya kuzaliwa, mkopo. Zile 3,000 alizoweka kwa safari hii zilikuwa mkopo wa kulipa mkopo uliobaki kidogo. Programu tatu tofauti. Jumla 11,400, na moja ilikuwa imeanza kumpigia simu usiku. Ndio maana simu yake ilikuwa inalala imezimwa. Mimi nilikuwa nimejiambia ni betri.

Kengele ikalia, watu wakarudi, taa zikazimwa. Ilibidi tukae saa nzima gizani, bega kwa bega, na hiyo habari katikati yetu, huku jukwaani watu wakiendelea kubeba zulia. Sijui kama mmewahi kucheka mkiwa na jambo zito kifuani. Inawezekana. Na nadhani ni gizani pale ndipo hasira yangu ilipopata muda wa kukaa chini. Kama angeniambia kejani, ningesimama. Ningepandisha sauti, na majirani wa kweli wangesikia. Pale nilikuwa na kiti nilicholipia na mtu wa kunichekesha mbele yangu. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua.

Bili ni ya nani?

Tulitafuta mahali pa kula katikati ya mji. Si mahali pa mishumaa. Mkahawa wa chakula cha nyumbani, wa meza za mbao na sinki la kunawia kona, unaosikia ugali ukisongwa jikoni. Tuliagiza samaki mzima wa kukaanga aliyetiwa mchuzi, managu yaliyolala na maziwa, ugali mmoja mkubwa, na aliya, ile nyama ya kukaushwa kwa jua ambayo Wajaluo wanaijua vizuri kuliko watu wote. Mimi ni Mkikuyu; nilionja aliya mara ya kwanza siku hiyo na nikauliza wazazi wangu walikuwa wananificha nini.

Samaki ana adabu moja nzuri: huwezi kumla ukishika simu. Mikono yote inafanya kazi. Tukaongea. Nilimuuliza mambo mawili tu: kama kuna deni lingine, na kama angekuwa ameniambia kama si lile sofa. La kwanza alisema hakuna. La pili alisema hajui, na mimi nikaliamini hilo jibu kuliko kama angesema ndio.

Akaniambia pia kitu ambacho nataka wanaume wanaosoma hapa wakisome mara mbili. Alisema aibu yake haikuwa kukosa kazi. Kazi zinaisha, kila mtu anajua. Aibu ilikuwa ile dakika bili inapoletwa. Dunia nzima inamtazama yeye. Hata mimi, akasema, ninamtazama, hata kama sijui ninamtazama. Sikubishana naye hapo hapo. Nilitaka kuona.

Bili ikaja. Mhudumu, kijana mzuri tu mwenye haraka, akaiweka mbele ya Jirani bila hata kufikiri. Mimi ndiye niliyeita. Mimi ndiye niliyeagiza. Lakini ile karatasi ilimtafuta mwanaume kama inzi anavyotafuta kidonda.

Jirani akaitazama. Akaisukuma kwangu polepole kwa kidole kimoja, akamwambia mhudumu, "Mpe madamu. Leo ni yeye."

Nikalipa kwa simu. Ujumbe ukaingia, mhudumu akathibitisha, akamgeukia Jirani na kusema, "Asante sana, bosi. Karibu tena."

Tulicheka mpaka tukatolewa macho na meza ya pili. Na nawaambia ukweli, kati ya vichekesho vyote vya usiku huo, hicho ndicho kilichomtoa lile jiwe. Aliona kwamba mambo mengine si yeye, si mimi. Ni tabia ya mji mzima, na mji unaweza kuchekwa.

Jumapili, City Park

Chumba chetu Parklands kilikuwa kidogo, kisafi, na kitanda kililia kila mtu akigeuka. Hatukukodi ili tukipige picha. Asubuhi tulitembea hadi City Park, ile bustani ya nyani ambayo ukifungua mfuko wa njugu unanyang'anywa na mtu mwenye mkia.

Ndani yake kuna kaburi la Joseph Murumbi. Kumbukeni, yule wa jana. Alikufa mwaka wa 1990 na mkewe Sheila amezikwa hapo naye. Wamezungukwa na sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki, zimesimama tu kwenye nyasi, hakuna kioo wala kamba. Karibu hapo ndipo alipozikwa rafiki yake Pio Gama Pinto, mwandishi na mbunge aliyepigwa risasi mwezi wa pili mwaka wa 1965, Kenya ikiwa huru mwaka mmoja na kitu tu. Murumbi alitaka kulala karibu na rafiki yake. Hiyo ilinigusa kuliko vinyago vyote.

Tukakaa kwa nyasi. Nilikuwa na kalamu, Jirani alikuwa na risiti ya chumba. Nyuma ya hiyo risiti tuliandika madeni matatu, la riba kubwa likiwa juu, na nani atalipa nini na lini. Mimi nilimkopesha 4,000 za kuzima lile la kupiga simu usiku, na nasema nilimkopesha, sikumpa, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Yeye akaandika tarehe zake. Hatukuongea kama watu wa benki, tuliongea kama watu wawili wanaojua kamba ya kuanika nguo ni moja.

Mchana tulishuka Diamond Plaza tukala bhajia na chipsi masala, tukamalizia na paan tamu ambayo Jirani aliitafuna kwa uso wa mtu anayekula sabuni kwa heshima. Jioni tukapanda mathree, tukarudi Githurai na harufu ya iliki mdomoni.

Hesabu, kwa sababu najua mtaniuliza

Chumba cha usiku mmoja: 2,800
Tiketi mbili za mchezo: 2,000
Chakula cha jioni Jumamosi: 1,900
Nauli na teksi ya usiku: 1,050
Chai na chakula cha Jumapili: 1,000
Chakula cha mchana Jumamosi: 700
Viingilio vyote: 400

Jumla 9,850. Zile 150 zilizobaki tulinunua mkate na maziwa. Kama mnaishi karibu na mji, toeni chumba na mtakuwa na siku nzuri ya mbili kwa 7,000. Kama hamna 7,000, toeni mchezo mle mutura barabarani, na bado mtakuwa mmeona hazina ya Murumbi na mmekaa City Park bure. Nendeni Archives mapema, kwa sababu Jumamosi haikai wazi siku nzima. Teksi ya kurudi usiku iwekeni kwa bajeti kabla ya kitu kingine chochote. Msianze kutembea na viatu mkononi kwa sababu ya 300.

Maoni yangu, mkiyataka

Sisemi sanaa inaponya madeni. Deni linalipwa na pesa. Jirani bado hajapata kazi ya kudumu. Anafanya vibarua vya kuhesabu bidhaa kwa maduka mawili na amemaliza madeni mawili kati ya matatu. Langu amelipa nusu.

Ninachosema ni kwamba wapenzi wengi wa umri wetu hatuna mahali pa kukaa na kutazama kitu kingine pamoja. Tunatazamana sisi, ama tunatazama simu. Ukimtazama mtu wiki nzima uso kwa uso, mwishowe mnaanza kuhesabiana makosa. Lakini mkisimama wawili mbele ya mlango uliochongwa, anakumbuka babu yake. Mkikaa gizani mkicheka mtu wa sofa, anapata njia ya kusema kile ambacho alikuwa anakizimia simu. Sikununua hayo maongezi na zile 2,000 za tiketi. Nilinunua giza na viti viwili, maongezi yakapata nafasi.

Na kwa wasanii wetu: wale waigizaji walikuwa wamefanya mazoezi wiki kadhaa, na ukumbi ulikuwa na viti vitupu nyuma. Tunalia kwamba Nairobi haina mambo ya kufanya, huku watu wakituigizia nusu ya ukumbi. Tiketi moja kwa miezi miwili haitakuua. Mwambie na yule rafiki yako anayedai haelewi sanaa. Hata sofa haikuhitaji kueleweka.

Ndugu zangu wanaume, kama umesota, sema mapema, kabla programu ya simu haijamsemea. Dada zangu, bili ikiletwa mbele yake na wewe ndiye unayelipa, nyoosha mkono uichukue, mcheke, maisha yaendelee. Sisi wawili sasa tuna utaratibu: kila mwisho wa mwezi, mahali pamoja mjini ambapo tumepita mara mia na hatujawahi kuingia. Mwezi huu ni Makumbusho ya Reli. Jirani ndiye anayelipa. Ameshaniambia niache pochi nyumbani.